Moshi Usioonekana



Leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu twaliona dogo: moto gani unafaa kukaushia nyama nyumbani. Mimi nilijifunza kwa machozi.

Ilikuwa Desemba 2014, hapa kwetu Makere. Baba watoto alichinja mbuzi wawili kwa ajili ya wageni wa Krismasi, na friji hatuna. Kwa kawaida nilibanika nyama uani kwa kuni, juu ya uchaga. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu mchana, kuni zote zikalowa. Nikaona heri mkaa. Niliingiza majiko mawili jikoni, nikatandaza nyama juu ya wavu, nikafunga mlango na dirisha ili mvua isiingie. Mkaa hauna moshi, nilijiambia, basi hauna madhara. Kitinda mimba wangu, wa miaka 6, akajilaza mkekani kando ya joto.

Nilikwenda sebuleni kuzungumza na wageni. Niliporudi, mtoto alikuwa ametapika na kulegea kama kitambaa. Nilimwita, hakuitika. Nilimbeba mpaka nje kwenye mvua, nikiliita jina lake na jina la Bwana kwa pamoja. Alipopata hewa safi akafumbua macho, akalia kwamba kichwa kinamwuma. Tulimkimbiza hospitalini, akawekewa oksijeni. Asubuhi aliomba uji. Mungu ni mwema!

Dada zangu, mimi ni muuguzi. Nilifundishwa darasani kwamba mkaa unapowaka hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, nayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni huathirika sana. Haya yote niliyajua, lakini pilikapilika za sikukuu zilinisahaulisha. Nawasimulia aibu yangu ili isiwe msiba wenu.

Tangu siku ile mkaa hauingii ndani ya nyumba yangu. Mume wangu alijenga kibanda uani, bati juu, bila kuta. Hapo nabanika kwa kuni za mpera na mwembe, matawi tunayopogoa wenyewe na kuyakausha. Sikati msituni. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa jirani nasi mwaka 1996, wenyeji na wakimbizi tumekuwa tukitegemea miti ileile, na akina mama ndio wanaotembea mbali.

Kuni ziwe kavu kabisa, kwani mbichi hutoa moshi mzito unaoitia nyama masizi na uchungu. Msonobari una utomvu mwingi, haufai. Mnyaa wa ua msiutie motoni, utomvu wake ni sumu na huunguza macho. Msiwashe kwa plastiki, mafuta ya taa wala vipande vya mbao zilizopakwa rangi. Nyama ikatwe vipande vyembamba, itiwe chumvi, na watoto wakae mbali na moshi.

Mke mwema hulisha nyumba yake, lakini kwanza huilinda. Mvua ikinyesha na kuni zikalowa, nyama na iharibike. Mbuzi atanunuliwa mwingine.