Kwenda Nairobi Kutazama

Wahenga walisema, Tembea uone. Lakini wako watu wengi wa Nyeri, Karatina, Embu na Meru waliokwenda Nairobi mara nyingi, wala hawajauona mji huo. Mmoja huenda kumzuru mgonjwa hospitalini, mwingine hufuata hati ya shamba, wa tatu hutafuta kazi. Akishuka garini karibu na River Road huenda mbio, mkono mfukoni asije akaibiwa, na jioni hurudi kwake. Akiulizwa nyumbani mji mkuu u namna gani, hujibu kwamba una watu wengi na kelele nyingi.

Na huku wageni wa nchi za mbali huja Nyeri kwa kutazama tu. Huenda kuliona kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Maskauti, aliyefariki mwaka 1941. Tena huuliza habari za Treetops, nyumba iliyojengwa mtini, ambako Binti Elizabeth alikuwa mgeni mwezi wa Februari 1952, babaye alipofariki naye akawa Malkia. Ikiwa mtu aweza kutoka Uingereza kuja kuitazama Nyeri, mtu wa Nyeri hashindwi na mwendo wa kilomita 150 hivi kwenda kuitazama Nairobi.

Yafaa msafiri aondoke alfajiri. Gari hupita Karatina, Sagana, Makutano na Kenol, kisha Thika, na toka hapo hushika barabara pana iliyokamilika mwaka 2012. Njiani ataona malori yamebeba kabichi, viazi na karoti, yakielekea masoko ya mjini. Na aukumbuke mto pia. Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi, na reli ilipofika hapo mwaka 1899 maji hayo yalitosha. Leo sehemu kubwa ya maji yanywewayo mjini hutoka bwawa la Ndakaini katika Murang'a, yakishuka kutoka milima ya Nyandarua. Basi mkulima asiingie mjini kwa unyonge kama mwombaji, kwa kuwa chakula na maji ya mji vimetoka kwao.

Mahali pa kwanza pa kwenda ni jumba la mikutano la Kenyatta, lililofunguliwa mwaka 1973, lenye ghorofa 28. Mgeni hulipa ada, hupandishwa kwa lifti, na juu kabisa huuona mji wote umetandazwa chini yake: Bunge, kituo cha reli, mitaa ya Eastlands, na mbuga ya wanyama iliyowekwa mwaka 1946. Mbuga hiyo ina simba na vifaru, ila makundi ya ndovu hayamo, jambo litakalompendeza mtu aliyewahi kuharibiwa mahindi yake. Asubuhi isiyo na mawingu huweza kuuona hata Mlima Kenya upande wa kaskazini.

Kutoka hapo aende makumbusho ya taifa. Humo mna mifupa ya kijana aliyeishi karibu na ziwa Turkana yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, na habari za Ahmed, ndovu mashuhuri wa Marsabit.

Kisha arudi mjini, asimame katika Mtaa wa Kimathi mbele ya sanamu ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007. Siku hiyo ilitimia miaka 50 tangu aliponyongwa katika gereza la Kamiti, baada ya kuhukumiwa kule kule Nyeri. Watu hupita hapo kwa haraka, lakini mtu wa mlimani ana sababu ya kusimama.

Maana safari hii haikuwa rahisi zamani. Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa mitaani na nyumbani ili wachujwe. Watu zaidi ya 20,000 walitiwa vizuizini. Wengine walirudishwa makwao wakiwa na watoto na mizigo michache. Miaka hiyo mtu wa makabila hayo hakuweza kwenda mjini atakavyo pasipo pasi mkononi. Leo mjukuu wake hutembea mtaa ule ule akila mahindi ya kuchoma, wala hapana amwulizaye ametoka wapi.

Mwisho apumzike katika bustani ya Uhuru. Nayo ingalikuwa nyingine, kwani mwaka 1989 palikuwa na shauri la kujenga humo jumba la ghorofa 60. Aliyelipinga kwa barua na kwa ujasiri ni Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri. Alitukanwa sana, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Vivuli vya miti hiyo ni ukumbusho wake.

Anayekusudia kwenda atenge nauli ya kurudi mbali na fedha nyingine, aulize bei kabla ya kununua, na avae viatu vya kutembea. Zaidi ya hayo, kama ana mzee nyumbani aliyeishi siku za pasi, amchukue pamoja na mtoto mmoja. Mzee atakumbuka mengi akifika pale, na mtoto atayasikia kwa kinywa cha aliyeyaona.