Zamu kwenye Ghorofa ya 40

Kwetu Maswa, chochote kilichoshuka angani kwa kasi kiliitwa mwewe, na kazi yetu watoto ilikuwa kukifukuza. Mama akiona kivuli kinapita uani alipiga ukelele, nasi tukatoka mbio na mawe huku kuku akikusanya vifaranga chini ya mbawa. Sikuwahi kujiuliza kama huyo mwewe naye ana mayai mahali.

Mayai hayo niliyaona ukubwani, Pittsburgh, Marekani, nilikokwenda kusoma. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kina jengo refu liitwalo Cathedral of Learning, na kwenye ukingo wa ghorofa ya 40 ndege wawindaji waitwao kozi wamekuwa wakizaa tangu 2002. Hawajengi kwa vijiti. Jike huparua changarawe mpaka pawe na kishimo, na hapo hapo hutaga mayai matatu au manne, wakati mwingine matano. Pamewekwa kamera, na asubuhi moja ya Machi mwanafunzi mwenzangu alinigeuzia kompyuta yake nitazame.

Jike, waliyemwita Dorothy, alikuwa amelala kimya, theluji imemtanda mgongoni. Dume akatua ukingoni, mdogo kwake kwa karibu theluthi moja. Wakainamishiana vichwa wakilia kwa sauti fupi fupi. Jike akainuka, akajikung'uta, akaruka. Mayai yakabaki wazi, mekundu kama udongo wa kichuguu. Dume akayasogelea, na hapo chai yangu ikapoa mkononi: zile kucha zinazomnasa njiwa angani alikuwa amezikunja kama ngumi, anatembea taratibu asije akatoboa ganda. Akatandaza manyoya ya tumbo, akatikisa mwili kushoto na kulia mpaka ngozi tupu ikagusa mayai. Hakutosha kuyafunika yote vizuri. Akajisogeza, akajisogeza tena.

Hupokezana hivyo kwa siku 33 hivi, na usiku kwa kawaida ni zamu ya jike.

Nikaanza kusoma habari zao. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 hapakuwa na jozi hata moja ya kozi iliyozaa mashariki mwa Mto Mississippi. Wazazi waliatamia kama hawa, na mayai yakavunjika chini yao. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe wa Uingereza alionyesha kwamba maganda yamekuwa membamba, na chanzo kikaja kuthibitika kuwa DDT: sumu ilitoka kwa mdudu, ikaenda kwa ndege mdogo, ikarundikana mwilini mwa kozi. Marekani ikaipiga marufuku mwaka 1972. Tom Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell wakalea makinda na kuwaachia porini. Dorothy alianguliwa Milwaukee mwaka 1999, mwaka uleule kozi walipoondolewa kwenye orodha ya taifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

DDT. Jina hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Baba aliibeba mgongoni kwenye bomba, akinyunyizia pamba kuua funza wa vitumba, na jioni shati lake lilianikwa mbali na nguo zetu kwa sababu ya harufu. Hakuna aliyemwambia lolote kuhusu maganda ya mayai. Usiku ule sikulala vizuri. Niliwawaza mwewe wa Maswa, na wale ambao huenda hawakuhitaji jiwe langu.

Jumapili nilimpigia Mama simu, nikamsimulia.

"Mwewe?" akasema. "Na vifaranga vyangu vyote alivyomaliza?"

Nikamweleza kwamba dume naye huatamia, kwa zamu, na kwamba siku hiyo alikuwa ametoka kuwinda kwenye theluji na hajaonekana tangu asubuhi. Mama akanyamaza kwa muda.

"Baba anaatamia," akasema polepole.

Jumapili iliyofuata alipokea simu, na kabla sijamwamkia akaniuliza, "Mwanangu, yule baba yao alirudi?"