Kapeti ya Nyumba ya Wenyewe

Kabla sijafikisha miaka 23 nilikuwa nimeandika makala zaidi ya 40 kuhusu kapeti za Uingereza, na sikuwa nimekanyaga hata moja. Kazi ilikuwa inatoka kwa jamaa mmoja wa Thika Road mwenye akaunti. Yeye anaongea na wateja wa ng'ambo, sisi tunaandika, anatulipa shilingi 300 kwa ukurasa. Wenzangu walipewa bima, wengine chakula cha mbwa. Mimi nikaangukia kapeti.

Ndiyo maana najua mambo ambayo mtu wa Roysambu hana haja nayo. Najua kwamba kule kapeti haitandikwi tu, inafungwa kwa nyumba. Fundi anapigilia mbao nyembamba kando ya kuta zote, mbao zilizojaa ncha za misumari zilizolalia upande wa ukuta. Katikati anatandaza sifongo ya unene wa milimita 10 hivi. Halafu analaza kapeti juu, anaivuta, anaisukuma na kifaa anachokigonga kwa goti mpaka inanasa kwenye zile ncha. Mwisho anakata ukingo na kuuchomeka kwenye upenyo uliobaki kati ya mbao na ukuta. Najua pia kwamba kapeti nyingi huuzwa kwa upana wa mita 4 au 5. Chumba chako kikiwa na mita 3.6, utalipia 4, na hicho kipande kinachobaki ni shauri yako.

Haya yote yalikuwa maneno tu mpaka mwaka jana, Anti alipopata nyumba.

Anti ni dada ya baba. Alienda Leeds 2005, na kazi yake ni kutunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani usiku. Mimi huniita "baba" kwa sababu nimebeba jina la babake. Miaka hiyo yote ameishi kwa vyumba vya kupanga, juu ya kapeti za watu, na madoa ya watu. Halafu zamu yake ikafika kwenye foleni ya shirika linalopangisha nyumba za bei nafuu. Akapewa nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule. Siku aliyochukua funguo alinipigia video. Mimi nilijiandaa kuona Majuu. Nikaona saruji.

Saruji tupu, na mabaka ya gundi ya kitambo. "Baba, ebu ona," akasema. "Hata kule Joska fundi alilainisha kuliko hii."

Sikushangaa, nilishaandika makala kuhusu hilo. Nyumba nyingi za aina hiyo hukabidhiwa bila kitu sakafuni. Mpangaji akihama, kapeti yake mara nyingi hung'olewa na kutupwa, hata kama bado ni nzuri, na anayeingia anaanza upya. Wales walibadilisha: kiwango chao kipya cha nyumba za jamii, kilichoanza Aprili 2024, kinadai vyumba viwe vimefunikwa sakafu mpangaji mpya anapoingia. Lakini Leeds si Wales.

Kwa hivyo tukaanza kazi, mimi Roysambu, yeye Leeds. Nilimwambia apime kila upande mara mbili, kwa sababu kuta huwa hazinyooki, ahesabu na kijisehemu cha chini ya mlango, kisha aongeze sentimita 10. Sebule ilitoka mita 3.6 kwa 4.2, chumba 3.1 kwa 3.4. Nikamwambia manyoya ya kapeti lazima yalale upande mmoja vyumba vyote viwili, la sivyo pale mlangoni ataona rangi mbili. Muuzaji alimuuliza kama amewahi kufanya kazi ya kapeti. Akamwambia ana fundi wake Nairobi.

Dukani alinipigia tena akicheka. Alikuwa amesimama mbele ya kapeti za mkonge, bei yake karibu na za sufu. Mkonge, ule ule unaouona ukipita Vipingo ama Mwatate. "Nimepanda ndege nikaacha hii kitu nyumbani, sasa wananiuzia!" Akachukua ya plastiki, ile inayovumilia madoa, rangi ya damu ya mzee. Mimi nilikuwa nimependekeza kijivu kwa sababu makala zangu zote zilipendekeza kijivu. Alikataa. Alisema kijivu ameona cha kutosha dirishani.

Kapeti, sifongo, mbao na fundi, jumla ilifika pauni 620. Kwa pesa zetu ni zaidi ya laki moja.

Hapo ndipo familia iliingia. Unajua sisi kapeti yetu huwa inahama. Ile ya mama ilinunuliwa Eastleigh, ikahamia nyumba tatu na sisi, imekunjwa juu ya pickup na sufuria ndani yake. Kila nyumba ikiwa ndogo, tunakunja ukingo chini ya kochi. Kapeti ni mali, unaenda nayo. Sasa watu waliposikia kwamba Anti amepigilia yake misumari, kwa nyumba ambayo si yake, kikundi cha WhatsApp kiliwaka. Anko akaandika kwamba hiyo ni mifuko zaidi ya mia ya simiti. Akakumbusha watu kwamba nyumba ya Joska imekwama kwa linta tangu 2016. Halafu akaongeza: "Na kijana alitoka chuo mwaka wa tatu juu ya karo."

Kijana ni mimi.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Ni kweli nilitoka chuo. Ni kweli pia kwamba karo ya miaka miwili ya kwanza ilitoka kwa mgongo wa Anti, na ilikwama mwaka ambao huo mgongo ulimlaza nyumbani wiki tisa. Hakuna mtu wa kikundi aliyewahi kuuliza alilala juu ya nini. Kila Krismasi alisema anarudi mwaka ujao, nasi tukamwamini, kwa sababu ilitufaa kuamini. Mtu anayerudi mwaka ujao haitaji kapeti. Anahitaji tu kutuma.

Nikaandika: "Anko, mimi ndiye nilimpimia. Aliyenisomesha alale mahali pa joto." Kikundi kikanyamaza. Baadaye binamu akatuma video ya mbuzi.

Anti hakutaja hayo maneno. Aliniambia tu kwamba fundi alimaliza kwa nusu siku, naye akiwa ametoka shifti ya usiku alilala hapo hapo chini, na koti. Wiki iliyofuata alinitumia picha ya mashine ya kufagia imejaa manyoya. Alidhani ameuziwa feki. Nikamwambia kapeti mpya hunyonyoka wiki kadhaa, itaacha yenyewe.

Fundi alikuwa ameuliza kama abebe kile kipande kilichobaki cha sebule. Anti alikikataza, akakikunja, akakiweka chini ya kitanda.

"Cha nini?" nikamuuliza.

"Kiraka. Ikichanika, labda baada ya miaka 10."

Niliisikia hiyo hesabu. Nadhani na yeye aliisikia, kwa sababu alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama Joska kumenyesha.