Kutoka Lugufu hadi Nyarugusu



Sisi tuliofika Lugufu mwaka 1997 tulidhani ni kwa miezi tu. Ziwa Tanganyika tulilivuka usiku, watoto tumewafunika vitenge wasilie. Ikawa miaka 12! Mwaka 2009 kambi ikafungwa, tukaambiwa tuhamie Nyarugusu, huko Kasulu. Nyumba zetu za matofali ya udongo tukaziacha, na miembe ndiyo kwanza imeanza kuzaa.

Garini ni vumbi jekundu njia nzima, hakuna aliyeimba. Mtoto mmoja akauliza, "Mama, huko tutakaa siku ngapi?" Mama akanyamaza, halafu akasema, "Mungu anajua, mwanangu." Kusema kweli, wengine tulikasirika. Jibu gani hilo?

Kesho yake asubuhi yule mama alifungua pindo la kitenge, akatoa mbegu za lengalenga, akaanza kulima kando ya hema. Ndipo tukaelewa. Kumtegemea Mungu si kukaa tu na kungoja. Kama ni kurudi au kubaki, hatukujua. Lakini mboga tulikula.

Na wewe jirani, mwezi huu umepanda nini?