Jina la Mtunzi: Tafakari juu ya Safari ya Remmy Ongala



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi safari ya mtu ambaye wengi wa rika letu, hapa Tarime na kule Mugumu, tulimfahamu kwa njia ya redio kabla ya kuiona sura yake. Ni marehemu Remmy Ongala, aliyeanza kama mpigaji na mtunzi ndani ya bendi za watu wengine, hata sauti yake ikauzwa katika santuri ng'ambo ya bahari.

Remmy alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki mwa Kongo. Alifiwa na wazazi wake angali kijana, akajitafutia riziki kwa ngoma na gitaa. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kwa mwaliko wa jamaa yake, Mzee Makassy, akajiunga na Orchestra Makassy. Humo alitunga wimbo "Siku ya Kufa". Tuone ajabu hii: mgeni mjini, anayetaka kupendwa na watu waliokuja kucheza dansi, anawaletea habari za kifo! Nao watu walimsikiliza, kwa maana hakuna nyumba isiyolijua jambo hilo.

Bendi ile ilipohamia Nairobi, Remmy alibaki, akaingia Matimila, ambayo baadaye iliitwa Super Matimila. Jina hilo lilikuwa la mfanyabiashara mwenye vyombo. Ndivyo mambo yalivyokuwa: mara nyingi mwanamuziki hakumiliki hata gitaa alilolipiga. Bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ukavuma nchi nzima, naye mtunzi akarudi nyumbani na kidogo sana mfukoni.

Mlango ulifunguka kwa kaseti. Rafiki mmoja aliichukua hadi Uingereza, ikawafikia waandaaji wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1988 Remmy na wenzake wakaalikwa kuzunguka Ulaya. Mwaka 1989 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel, ilitoa albamu yake "Songs for the Poor Man", yaani nyimbo kwa ajili ya mtu maskini. Mwaka 1992 ikafuata "Mambo". Wasikilizaji walimwita Dokta, na mtaa aliokaa jijini Dar es Salaam ukaitwa Sinza kwa Remmy.

Ni nini kilichomfikisha huko? Waimbaji wenye sauti tamu kuliko yake walikuwapo wengi. Yeye alikuwa na neno la kusema. Aliimba juu ya mnyonge, yatima, na mauti yasiyochagua tajiri wala maskini. Si kila neno lake tungelipokea. Wimbo "Mambo kwa Soksi", uliohusu ukimwi na kondomu, Radio Tanzania ilikataa kuupiga, na Kanisa lina fundisho lake juu ya jambo hilo. Hata hivyo, asiyekubaliana naye hakuweza kusema kwamba Remmy hakujali vijana waliokuwa wakizikwa.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Huku kwetu mpiga litungu alijulikana kwa jina. Arusi ilimtafuta yeye, siyo mwingine. Lakini katika kwaya nyingi leo mtunzi amepotea. Kijana anakesha akiandika noti za sauti nne, kwaya inarekodi, wimbo unasambaa katika simu kutoka Sirari hadi Nyamongo, na jina lake halipo popote. Mmoja wao alituuliza: "Padre, tukishatoka studio, wimbo utakuwa wa nani?" Si swali la majivuno. Ni swali la haki.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalo jibu. Mtunzi ndiye mwenye hakimiliki ya kwanza, naye anastahili kutajwa kwa jina. Waimbaji na mrekodi nao wana haki zao. Na Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 10, alikwisha kutufundisha kwamba ujira ni stahili ya mfanyakazi. Kusema "anamtumikia Mungu" ili tusimlipe wala tusimtaje ni kulitumia jina la Mungu kufunika dhuluma.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa kwaya: andikeni jina la mtunzi na tarehe juu ya kila karatasi ya wimbo. Kabla ya kuingia studio, pataneni kwa maandishi juu ya mapato. Naye mtunzi asisahau kwamba wimbo wake ulipata uhai katika vinywa vya wenzake. Remmy bila Super Matimila asingalisikika.

Miaka yake ya mwisho, baada ya kuugua kiharusi, Remmy aliacha dansi akaimba nyimbo za Injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Ile siku aliyoitungia wimbo akiwa kijana ilimfikia naye, kama itakavyotufikia sote. Heri tukutwe tumemlipa kila mtu kilicho chake.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.