Mchango wa chuo kikuu na franka 500 za mama

Chuo Kikuu cha Graben, hapa Butembo, kilianzishwa mwaka 1989 na askofu Emmanuel Kataliko. Kinshasa iko mbali. Wazazi na wafanyabiashara walichanga. Ndiyo maana sioni haya kutangaza redioni mchango wa chuo kingine kidogo kinachotafuta vyumba vya masomo.

Juma hili mama mmoja, mkimbizi wa vita anayelala kwa jamaa na watoto 5, alileta franka 500. Watu wakanung'unika: huyu ni wa kupewa, si wa kutoa. Akajibu: «Mkubwa wangu amepata diploma. Atasoma wapi?»

Tofali tunahesabiwa kila juma. Minerval ya watoto wa wakimbizi haijatajwa hata siku moja. Jumatatu nitawauliza wanakamati hewani, mama akisikiliza.