Usipoziba Ufa: Mafunzo ya Karakana ya Nyumbani

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi, na hata niliwahi kuiandikia insha nikapata alama 17 kwa 20. Hata hivyo maana yake halisi sikuipatia darasani. Niliipatia nyuma ya nyumba yetu mtaani Kaptembwa, Nakuru, penye kibanda cha mabati ambacho baba hukiita karakana na majirani hukiita kelele.

Mpenzi msomaji, kabla sijakueleza yaliyotupata, kwanza nikutembeze kibandani. Usitarajie mashine kubwa kubwa. Kuna jiriwa moja kuukuu iliyofungwa kwenye meza ya mbao, kuna kipande cha ekseli ya lori kilichopigiliwa kwenye gogo ambacho ndicho fuawe letu, na kuna nyundo, tupa, misumeno na tindo. Baba ni fundi wa jua kali. Ufundi aliupata Kamukunji, Nairobi, penye nyundo zisizonyamaza tangu asubuhi hadi jioni. Kazi yake kubwa ni masanduku ya wanafunzi wa bweni. Nimesaidia kutengeneza masanduku mengi, na mimi mwenyewe sina hata moja kwa kuwa nasoma shule ya kutwa!

Ujanja wa kwanza nilioupata kwa baba ni wa msumeno wa chuma. Meno ya wembe wake yaangalie mbele, kwa sababu msumeno hukata unapousukuma, si unapouvuta. Bati jembamba au bomba lataka wembe wa meno madogo, ili angalau meno matatu yawe juu ya chuma kwa wakati mmoja. Ukitumia meno makubwa yatanasa na kukatika. Na wembe ukivunjika katikati ya kazi, usiutie mpya ndani ya mkato ule ule. Wa zamani ulikuwa umelika ukaacha njia nyembamba, kwa hivyo mpya utakwama. Geuza chuma, uanze upande wa pili.

Tupa nayo ina adabu zake. Isukume mbele, kisha uiinue unaporudi. Ukiikokota kurudi nyuma unaua meno yake bure. Chembe za chuma zikijaa katikati ya meno, isugue kwa brashi ya waya, halafu uipake chaki. Chaki huzuia chembe zisigande tena. (Sasa walimu wamejua kwa nini huwa naokota vipande vya chaki baada ya vipindi!) Usitumie tupa isiyo na mpini hata siku moja, kwani mkia wake mkali waweza kukutoboa kiganja. Kama huna mpini wa mbao, chukua gunzi la mahindi lililokauka, ulichomeke. Halina bei na latosha kabisa.

Kutoboa pia kuna siri. Ukiweka drili juu ya chuma laini itateleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Kwanza gonga kijishimo kwa msumari mgumu wenye ncha, kisha utie tone la mafuta, ndipo utoboe. Bati liweke juu ya ubao na ulibane vizuri. Usilishike kwa mkono, maana drili ikinasa litazunguka kama panga.

Hesabu nazo, wenzangu, zimo humo humo. Nilipokuwa kidato cha kwanza niliona pai kama adhabu tu. Siku moja baba akaniambia nikate bati la kuzungushia jiko la duara lenye kipenyo cha sentimita 28. Nikakata kwa macho, likapelea. Nilipopiga hesabu, 28 mara 22 gawanya kwa 7, nikapata 88. Nikaongeza sentimita 2 za kupandanisha kwa ajili ya ribiti, nikakata 90. Likakaa sawasawa! Tangu siku hiyo pai na mimi ni marafiki.

Kuna mambo mawili ambayo baba hayafanyii mzaha. La kwanza ni pipa tupu. Pipa lililokuwa na petroli, hata likikaa wazi miezi, hubaki na mvuke ndani, na mvuke ndio unaolipuka. Usilichomelee wala kulikata kwa moto. La pili ni bati lenye zinki. Ukilichoma hutoa moshi mweupe, na aliyeuvuta huweza kushikwa na homa na kutetemeka usiku, akadhani ana malaria. Wapo mafundi wanaokunywa maziwa wakisema ni kinga. Maziwa ni matamu, ndiyo, lakini hayazuii moshi. Fanya kazi hiyo nje, penye upepo, na uikwangue zinki kwanza pale utakapochomelea.

Sasa nifike kwenye tindo, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Tindo zetu baba huzifua kutoka springi za magari mabovu. Huupasha mdomo moto mpaka uwe mwekundu, kiasi kwamba sumaku ya spika ya redio haiwezi tena kuuvuta. Kisha huuchovya ndani ya mafuta. Hapo huwa mgumu mno hata waweza kuvunjika kama kioo, kwa hivyo huusugua ung'ae na kuupasha tena polepole. Rangi hupita ya manjano, ya kahawia, na inapofika zambarau huuzima. Kichwa cha tindo hakitiwi ugumu. Huachwa laini ili kivumilie nyundo. Kwa sababu hiyo, baada ya siku nyingi za kupigwa, huchanua pembeni kama uyoga. Uyoga huo ni hatari, kwani nyundo yaweza kuumegua kipande kikaruka kwa kasi ya risasi. Dawa yake ni kuuondoa kwa tupa. Ni kazi ya dakika kumi.

Likizo ya Desemba iliyopita tulikuwa na oda ya masanduku 20. Jumamosi moja baba akaniambia, "We kijana, hii tindo imechanua. Iondolee uyoga kabla ya jioni."

"Ndiyo, baba," nikajibu.

Lakini alasiri hiyo timu yetu ya mtaa ilikuwa na mechi. Nikajiambia kuwa dakika kumi hazikimbii. Nikaenda uwanjani, tukashinda mabao mawili kwa moja, nikarudi nimechoka, nikalala fofofo. Jumapili tukaenda kanisani. Tindo nikaisahau.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nachota maji niliposikia baba akipiga kelele. Mtungi ulinitoka mkononi. Nilimkuta amepiga magoti kando ya fuawe, kiganja kimefunika jicho la kushoto, na damu nyembamba inapita katikati ya vidole. Tindo ilikuwa chini. Nilikiona kichwa chake, na pembeni palikuwa na pengo jipya linalometameta. Lahaula! Miguu ilinilegea.

Jirani mmoja alisema tukitoe kipande kwa sumaku. Mwingine akasema aoshwe na kusuguliwa. Mama alikataa katakata. Alikifunika jicho kwa kikombe cha plastiki bila kulikandamiza, akakifunga kwa leso, wakaenda hospitali mbio. Daktari alisema baadaye kuwa wangelisugua au kuvutavuta, jicho lingepotea kabisa.

Nilibaki nyumbani peke yangu. Nikaichukua ile tindo nikaificha chini ya magunia ya makaa.

Baba alirudi baada ya siku nne, jicho limefungwa bandeji. Alikunywa chai, akakaa kimya, halafu akauliza, "Ile tindo iko wapi?"

Nilitaka kudanganya, lakini ulimi ulikataa. Nikaenda kuifukua. Nikamwambia kila kitu, mechi na yote, huku machozi yananitiririka. Nilingoja anichape. Badala yake aliigeuza geuza mkononi, akasema, "Mimi pia niliuona uyoga kabla sijapiga. Nilijiambia ni bati moja tu. Lete tupa."

Tulikaa pale, mimi nikasugua, yeye akasikiliza. Dakika kumi hazikufika.

Masanduku 12 yaliyobaki niliyakata mimi. Baba aliketi juu ya kigoda, akipima kingo kwa vidole na kuniambia palipopinda. Tulimaliza siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Pesa zilizopatikana, sehemu ilienda kwa dawa na sehemu ikawa karo yangu ya muhula wa kwanza. Jicho la baba lipo, lakini anasema huona kama kupitia dirisha lenye mvuke. Siku hizi anavaa miwani ya kazi ambayo mama aliinunua kwa shilingi 200, yeye aliyekuwa akisema miwani ni ya makarani. Nami nina yangu.

Sijui kama nimejisamehe. Najua tu kwamba kila asubuhi kabla ya kuja shuleni mimi huingia kibandani na kukagua vichwa vya tindo, kimoja kimoja.

Kwa hivyo, wanafunzi wenzangu, sina mahubiri marefu. Mwenye tindo iliyochanua huko nyumbani, iwe ya baba, ya mjomba au ya jirani, na ailete kwetu Jumamosi. Jiriwa ipo, tupa ipo, gunzi lipo. Chaki nitaomba kwa mwalimu.